Sindano ya methotreksati kila Ijumaa: kichefuchefu tutakishughulikia, ila kwanza hivyo vidonda vya mdomo na Septrin

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nimelifupisha kidogo:

"Habari za kazi daktari. Nina miaka 41, baridi yabisi imenianza mwaka juzi, vidole na magoti. Nilianza na vidonge vya methotreksati 15 mg kwa wiki vikanisumbua sana tumbo, daktari akanihamishia sindano, dozi ileile kila Ijumaa, sasa ni mwezi wa tatu. Mikono imepungua kuvimba namshukuru Mungu, ila nikichoma Ijumaa basi Jumamosi na Jumapili mimi ni wa kulala tu, kichefuchefu, kichwa kizito, nywele zinabaki kwenye kitana. Je naweza kuigawa, nusu Jumanne nusu Ijumaa? Au niwe naruka wiki moja moja? Pia zile sindano zilizojazwa tayari zimeisha pale duka la dawa, safari hii wamenipa kichupa kimeandikwa 50 mg/2 ml, na nesi jirani anayenichoma anasema atavuta 0.3 kama ilivyokuwa kwenye boksi la zamani. Maumivu yakizidi nameza Diclopar. Halafu nina vidonda mdomoni tangu Jumatatu, nadhani ni vitamini zimepungua, wiki iliyopita nilikutwa na UTI nikapewa Septrin nimeshamaliza. Asante."

Nzuri dada yangu, na asante kwa kuandika kwa urefu namna hii, maana wengi wananiletea mstari mmoja tu "sindano inanitapisha nifanyeje" afu nabaki nakisia. Turekebishane kidogo tu, mi sio daktari, ni mfamasia, nimekaa dirishani na kwenye kliniki za viungo miaka mingi, kwahiyo dozi na vituko vya dawa ndo kazi yangu, ila kubadilisha matibabu ni ya daktari wako na hapo simwingilii.

Umeuliza kichefuchefu na kugawa dozi, ntakujibu vyote, lakini naomba nianzie mwisho wa ujumbe wako, pale ulipoandika kama mtu anayepita njia tu, vidonda mdomoni na Septrin. Hapo ndo niliposimama nikasoma mara mbili. Ijumaa hii usichome. Sijasema uache dawa, nimesema hii ya Ijumaa isubiri mpaka upime damu, na upime kesho asubuhi, FBP (hesabu ya chembe zote za damu) pamoja na kreatinini (kipimo cha figo) na vipimo vya ini, majibu yamfikie daktari wako siku hiyohiyo hata kwa simu. Na kama kuna homa juu ya hivyo vidonda, au koo linauma kumeza, au umeona madoadoa ya damu chini ya ngozi, au fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, usingoje kesho, nenda hospitali leo hata kama ni usiku, na ukifika mapokezi sentensi ya kwanza iwe "natumia methotreksati mara moja kwa wiki na nimetoka kumeza Septrin", yeyote anayeijua dawa hii akisikia hayo mawili kwa pamoja hatakuacha ukae kwenye foleni.

Kwanini nimeshtuka. Methotreksati inafanya kazi kwa kuuzuia mwili usiitumie foliki vizuri, ile vitamini ambayo chembe zinazozaliana haraka zinaihitaji kila siku. Chembe za kinga zinazoshambulia viungo vyako zinatulia, ndo maana vidole vimepungua, lakini mwilini kuna sehemu nyingine pia zinazozaliana haraka, ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, mizizi ya nywele, na uboho wa mifupa unakotengenezwa damu. Sasa Septrin ndani yake kuna dawa mbili, na moja inaitwa trimethoprimu, hiyo nayo inakaba njia ileile ya foliki, na juu ya hapo inaizuia methotreksati isitoke vizuri kwenye figo. Yaani mlango uliokuwa umeegeshwa umepigwa komeo. Kuna watu damu zao zimeshuka zote, nyeupe, nyekundu na zile za kugandisha, kwa sababu ya siku chache tu za Septrin juu ya dozi ndogo kama yako, na wengine hawakupona. Na mdomo huwa unatangulia kusema kabla damu haijasema. Inawezekana kabisa vidonda vyako ni vya kawaida vya methotreksati (MTX kwa kifupi), vinatokea kwa watu wengi bila shida, lakini vikija wiki ileile uliyomaliza Septrin siwezi kuviita vya kawaida kwa kuviangalia kutoka huku, damu ndo itasema.

Simlaumu aliyekuandikia Septrin, pengine hakuuliza unatumia nini na wewe ukaona dawa ya mikono haihusiani na mkojo, ni jambo linalotokea kila siku. Ila kuanzia leo Septrin kwako ni mwiko, iandike nyuma ya kadi ya kliniki kwa kalamu nyekundu. Ukipata UTI tena, na hakikisha ni UTI kweli kwa kuotesha mkojo maana siku hizi kila anayeumwa kiuno anaambiwa ana UTI, zipo dawa nyingine nyingi, mwambie tu daktari unatumia nini. Na kuna ndugu yake Septrin ambaye watu wanamsahau, SP ya malaria, ile inayouzwa madukani kiholela bila kupima, nayo inakaba njia hiyohiyo ya foliki. Malaria ukipimwa ukakutwa nayo meza dawa ya mseto, ALu, haina ugomvi huu. SP ya kumeza "kujikinga tu" hapana.

Haya, tuje kwenye kichupa, maana hapa napo nesi wako, kwa nia njema kabisa, anataka kukukosea.

Dozi ya dawa hii inahesabiwa kwa miligramu. Mililita ni ujazo tu wa maji yaliyoibeba, na maji hayo yanabadilika boksi kwa boksi. Sindano zako za zamani zilizojazwa tayari nyingi zinakuwa na 50 mg ndani ya kila ml 1, kwahiyo 15 mg zinaenea kwenye 0.3 ml, ndo hiyo 0.3 nesi aliyoikariri. Kichupa cha sasa kimeandikwa 50 mg/2 ml, soma vizuri, ni mg 50 ndani ya ml mbili, maana yake kila ml 1 ina 25 mg. Chukua 15 gawanya kwa 25 unapata 0.6. Akivuta 0.3 kutoka kwenye kichupa hiki amekupa 7.5 mg, nusu ya dozi, na wewe baada ya wiki tatu nne vidole vitaanza kuvimba utasema dawa imegoma au mmenipa feki, daktari naye ataongeza dozi kwa ugonjwa ambao haukuhitaji nyongeza.

Na hiyo ni kosa la upande mzuri. Geuza, mtu aliyezoea kuvuta 0.6 kwenye kichupa, siku moja dukani wakampa dawa yenye 50 mg kwa ml, akavuta 0.6 yake ileile, hapo amejichoma 30 mg. Na kuna vichupa vya wagonjwa wa saratani vyenye 100 mg kwa kila ml 1, hivyo ukivuta 0.6 ni 60 mg, mara nne ya dozi yako, na kichupa kwa macho kinafanana tu, kioo, maji ya njano, kifuniko cha mpira. Kwahiyo kila ukipokea dawa, kabla hujaondoka dirishani, muulize mfamasia swali moja, "ml moja hapa ina mg ngapi, na 15 zangu ni ml ngapi?" aandike jibu kwenye boksi lenyewe. Asipojibu palepale usiondoke nayo. Mi mwenyewe pamoja na miaka yote hii kila nikitoa kichupa kipya nachukua kikokotoo, sioni aibu.

Bomba pia lina habari yake. Tumia la ml 1 lenye mistari midogo midogo, sio la ml 5 ambalo 0.6 inakuwa ni kukadiria kwa jicho. Wengine wanatumia bomba la insulini, inawezekana, lakini mistari ya insulini imeandikwa kwa yuniti, 100 ndo ml 1, kwahiyo 0.6 ml ni mstari wa 60. Kuna mama alisikia kwa simu "vuta sita" akavuta mpaka mstari wa 6, akawa anajichoma tone tu kila wiki kwa mwezi mzima, anashangaa mbona hana kichefuchefu kama wenzie!

Halafu najua unachowaza, kichupa kina ml 2, unavuta 0.6, inabaki 1.4, dawa yenyewe bei, kwanini nimwage. Soma karatasi la ndani. Kuna vichupa vimewekewa kihifadhi vinaruhusu kuchomwa zaidi ya mara moja, na kuna visivyo na kihifadhi, hivyo vya pili ukishatoboa kifuniko bakteria wanaweza kuingia na kukaa humo wiki nzima wakikusubiri wewe ambaye kinga yako umeishusha makusudi. Kama hakina kihifadhi kinachobaki hakitunzwi, hata kwenye friji. Na kwa habari ya friji, dawa hii haihitaji, inataka sehemu isiyozidi nyuzi 25 na isiyo na mwanga, kwa joto la Morogoro mi ningeweka chumbani sehemu ya chini yenye kivuli ndani ya boksi lake, sio dirishani wala juu ya kabati linalopigwa jua mchana. Ikiwa na mchanga mchanga au imechafuka rangi usiitumie.

Sasa swali lako lenyewe la kugawa nusu Jumanne nusu Ijumaa. Hapana dada. Na ntakueleza kwa kisa maana nikisema hapana tu utaenda kumuuliza mwingine.

Nikiwa bado mgeni kazini, kwenye duka moja la dawa ambalo silitaji, alikuja mzee na cheti cha vidonge vya methotreksati vya 2.5 mg, vidonge sita kwa wiki, hiyohiyo 15 mg yako. Unajua tunavyoandika kwenye bahasha, 1x3, 2x2, kila mtu anaelewa, kidonge kimoja kutwa mara tatu, viwili kutwa mara mbili. Sasa dawa ya mara moja kwa wiki inaandikwaje? Hatukuwa na alama yake. Mwenzangu akaandika 6x1. Mzee mtu makini, kila asubuhi baada ya chai anameza sita. Siku ya nane mwanae kamleta, hawezi kumeza hata uji, mdomo wote umebabuka, chembe nyeupe zimeshuka vibaya sana. Alilazwa, akapewa folini asidi ya sindano ambayo ndo inayopambana na methotreksati iliyozidi, akapona, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo mi bahasha au boksi la MTX naandika neno zima, IJUMAA TU, na wanaokuja kuchukua dawa wananicheka kwamba naandika kama tangazo la disko. Ulaya kwenyewe mwaka 2019 mamlaka yao ya dawa ilibidi itoe masharti mapya kwa sababu watu walikuwa bado wanakufa kwa kumeza kila siku dawa ya mara moja kwa wiki, kwahiyo sio ujinga wa mzee wetu.

Ndo maana siku mbili kwa wiki sizitaki. Kwenye vidonge kuna madaktari wanaigawa dozi ndani ya siku ileile moja, asubuhi na jioni, kwa sababu utumbo ukishavuka 15 mg unashindwa kuivuta yote, na wewe kwenye sindano tatizo hilo halipo kabisa, inaingia yote. Ukiigawa Jumanne na Ijumaa unaupa mwili mapigo mawili ya sumu ndogo badala ya moja, hauna siku tano sita za kupumzika na kutengeneza damu, na siku ukichanganyikiwa au nesi akisafiri akaja mwingine, hesabu inavurugika. Siku moja, jina lake linajulikana nyumba nzima, basi.

Kuruka wiki kwa sababu ya kuchoka nako hapana, ila kuchelewa kunaruhusiwa. Umesahau Ijumaa, choma Jumamosi au Jumapili, afu Ijumaa inayofuata unarudi kwenye ratiba. Ikifika Jumatatu hujachoma, acha, subiri Ijumaa, na usichome mbili kufidia. Za kuruka kwa sababu ya msingi zipo, una homa, una maambukizi uliyopewa antibayotiki, unaharisha au kutapika mpaka umekauka maji, hapo unaruka na kumpigia daktari, kwa sababu dawa inatoka kwa njia ya figo na mwili ukikauka inabaki ndani inazunguka. Kuruka wiki moja hakuharibu kitu, faida yake imejengwa kwa wiki 6 mpaka 12 haibomoki kwa Ijumaa moja.

Kichefuchefu sasa. Kwanza huo uchovu na kichwa kizito wa siku mbili ni wa dawa kweli, hujiendekezi, wagonjwa wangu wanauita hangova ya Ijumaa na wengine hawajawahi kuonja pombe maisha yao. Anza na saa. Unachoma saa ngapi? Kama nesi anapita asubuhi akienda kazini, mwombe ahamie jioni, ule chakula cha usiku cha kawaida kisicho na mafuta mengi, uchome, ulale, ile sehemu mbaya zaidi ikukute usingizini. Maji mengi Ijumaa mchana na Jumamosi. Chai ya tangawizi inasaidia wengi na haina madhara hapa. Kuna wanaosema kahawa inawatoa ukungu kichwani, wanakunywa kikombe kabla na kikombe asubuhi yake, kama moyo na tumbo lako vinaikubali jaribu. Ikigoma kuna vidonge vya kuzuia kutapika, daktari anaweza kukuandikia ukameza kimoja saa moja kabla ya sindano na kingine asubuhi, usingoje mpaka umeanza kutapika.

Lakini kabla ya yote hayo nataka kujua foliki unameza? Hujaitaja popote na hiyo imenitia wasiwasi. Hakuna mtu anatakiwa awe kwenye methotreksati bila foliki asidi. Kwa kawaida ni kidonge cha 5 mg mara moja kwa wiki, siku nyingine tofauti na ya sindano, mfano Jumapili au Jumatatu, na daktari akiona madhara yamezidi anaweza kuongeza mpaka hata siku zote za wiki isipokuwa ile ya sindano, kupandisha huko peke yake kunapunguza kichefuchefu, vidonda vya mdomo na kupanda kwa vipimo vya ini. Na angalia, wengi wakiambiwa foliki wanaenda kuchukua FEFO, vile vya wajawazito, wanaona jina linafanana. FEFO ina madini ya chuma na foliki kidogo sana, haifiki hata nusu miligramu, haitoshi kwa kazi hii. Mwambie muuzaji unataka foliki asidi peke yake ya 5 mg. Ni vidonge vidogo vya njano, rangi inakaribiana na vidonge vya methotreksati vya kampuni nyingi, kwahiyo kama bado una mabaki ya vile vya zamani nyumbani yarudishe dukani leo, nshawahi kuona mtu amebadilisha hivyo viwili, methotreksati kila siku na foliki Ijumaa.

Nywele. Zinapungua kwa baadhi ya watu, hazitoki zote kama za mgonjwa wa saratani, na zinarudi dozi ikishuka au foliki ikipanda. Hofu hii inatokana na lile karatasi la ndani ya boksi ambalo limeandika saratani kila mstari, na ni kweli dawa hii ilianza huko, miaka ya 1940 mwishoni, familia ya dawa hizi ilijaribiwa kwa watoto wenye saratani ya damu, baridi yabisi ikaja kuidhinishwa rasmi Marekani mwaka 1988. Ila wale wa saratani wanaweza kupewa gramu nzima nzima kwa drip, wewe unapewa kijisehemu kidogo sana cha hiyo. Dawa moja, maisha mawili tofauti, usisome madhara ya kule ukayabeba yote.

Diclopar. Ndani yake kuna diklofenaki na panadol. Diklofenaki na methotreksati kwa dozi za viungo zinaweza kwenda pamoja kama figo ni nzima na daktari anajua, wengi wanatumia hivyo. Tatizo ni ile "maumivu yakizidi nameza", vingapi, siku ngapi, na juu yake kuna mseto wa kupaka, sindano ya maumivu uliyochomwa duka la jirani... Diklofenaki inapunguza nguvu ya figo kusafisha, na safari hii wakati unasubiri majibu ya damu isimamishe kabisa, meza panadol ya kawaida, isizidi gramu 4 kwa siku yaani vidonge 8 vya mg 500. Na kama unahitaji Diclopar kila siku mwezi wa tatu huu, hiyo ni habari ya kumpa daktari, inamaanisha 15 mg bado haijatosha, dozi ya wiki inaweza kupandishwa taratibu mpaka 25 mg, ila kupandisha ni kwake na kwa majibu ya damu, sio kwa mimi na wewe kwenye ujumbe. Dawa za miti za kusafisha ini au za "viungo na mgongo", naomba ziache, siwezi kujua kilichomo, na ini lako lina kazi tayari. Pombe kama unakunywa ipunguze iwe kidogo sana.

Kuna jambo hukuuliza na una miaka 41, kwahiyo nalisema wazi tu kama kaka. Dawa hii na mimba havikai pamoja, inaharibu mimba na inaleta ulemavu kwa mtoto, ndo hiyohiyo hospitalini wanaichoma kuondoa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kama hedhi bado unaona na mume yupo, uzazi wa mpango uwepo wa uhakika, na mkitaka mtoto mwambie daktari mapema miezi kadhaa kabla, kuna dawa nyingine za viungo zinazoruhusiwa. Siku zikichelewa pima kabla ya sindano. Na nesi wako naye, kama ni binti aliyeko kwenye umri wa kuzaa, muulize kwa upole, akiwa mjamzito asiishike dawa hii kabisa, hata tone. Asipokuwa mjamzito avae glavu tu, ikimwagika kwenye ngozi ioshwe kwa maji na sabuni nyingi.

Kuchoma kwenyewe sio lazima iwe tako. Chini ya ngozi ya paja au tumbo, vidole vitatu kutoka kitovuni, inafanya kazi vizuri na haiumi sana, sindano fupi nyembamba, na kila wiki hamia sehemu nyingine. Wengi baada ya kufundishwa mara mbili tatu wanajichoma wenyewe, na kama vidole vyako sasa vinakunja vizuri ungeweza, usingemsubiri mtu. Bomba lililotumika lisitupwe jalalani, chupa ngumu ya plastiki kama ya mafuta ya kula au sabuni ya maji, tumbukiza humo bila kurudishia kifuniko cha sindano, ikijaa robo tatu funga upeleke kituo cha afya wana utaratibu wa kuchoma moto.

Mwisho vipimo, maana sijaona umetaja hata kimoja zaidi ya UTI. Kila wiki mbili mwanzoni mpaka dozi ikae sawa wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila miezi mitatu siku zote utakazotumia. Upime Jumatano au Alhamisi, usipime Jumamosi, kwa sababu siku moja mbili baada ya sindano vipimo vya ini vinapanda kidogo vyenyewe afu mnaogopeshana bure. Tofauti ni kesho, kesho pima siku yoyote ile. Ukipewa karatasi la FBP angalia chembe nyeupe, WBC, zikiwa chini ya 3.5, au platelets (zile za kugandisha damu) chini ya 140, au kwenye ini ALT imevuka 100, hapo hakuna kuchoma mpaka daktari aseme. Na usiangalie namba moja tu, ilinganishe na karatasi la zamani, iliyokuwa 8 ikawa 4 imeshuka hata kama maabara haijaweka nyota. Kikohozi kikavu kipya na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi nacho kisingoje tarehe ya kliniki, ni nadra lakini mapafu yanaweza kukasirika na dawa hii hasa mwaka wa kwanza, na macho yakiwa ya njano vilevile.

Mdomo kwa sasa sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mswaki laini, achana na pilipili na ndimu siku hizi mbili, na usipake zile dawa za zambarau ukaziba kila kitu, daktari anataka kuviona vilivyo.

Kesho ukitoka maabara niandikie WBC, platelets, kreatinini na ALT, na umwambie nesi kile kichupa akiache kwanza kwenye boksi lake.